Chai ya Port Sudan: sisi wa Shimanzi tuna swali moja kwa serikali yetu

Karani wa Shimanzi (mwenye uzi)

Salaam aleikum wote. Uzi huu ni mrefu, nimeuandika usiku tatu baada ya kazi, kwa hivyo mnivumilie.

Mimi ni karani wa godauni la chai hapa Shimanzi, Mombasa, huu mwaka wa 14. Kazi yangu ni kupokea malori yanayoshuka kutoka viwanda vya bara, kuhesabu magunia, kuandika namba ya loti na kuhakikisha kila paleti imekaa mahali pake mpaka chai iuzwe mnadani na mnunuzi aichukue. Sudan sijafika. Naijua kwa magunia tu, na kwa mzee mmoja wa Omdurman ambaye kabla ya vita alikuwa akija Mombasa kila mwaka kuonja chai mwenyewe. Alikuwa akikaa kwenye benchi letu la nje, anakunywa strungi yenye vijiko vitatu vya sukari, anatuuliza habari za watoto wetu, na majina yao anayajua.

Machi 2025 tulikuwa na mzigo wake na wa wenzake umepangwa mpaka karibu na mlango. Magunia yalikuwa yameshapigwa chapa PORT SUDAN kwa wino mweusi, kwa kile kibati kilichokatwa herufi. Trela ya kwanza ilikuwa imeshaingia uani, kontena liko wazi, makuli wameshavua mashati. Simu ya ofisini ikalia. Msimamizi wetu akasikiliza, hakusema neno, akaiweka chini, akatoka nje akamwambia dereva: "Zima gari."

Makuli walisimama pale jua la saa nne mpaka adhuhuri. Kibarua hulipwa kwa mzigo aliopakia. Mzigo aliosimama kuutazama haumlipi. Siku ile watu 18 walirudi Changamwe na Magongo na nauli ya kukopa, nami ndiye niliyewakopesha wanne kati yao.

Baada ya wiki mbili tukaambiwa lile jina lipakwe rangi, mzigo utafutiwe mnunuzi mwingine. Nilikataa. Chai hunywa harufu kuliko kitu chochote ninachokijua. Ukiweka karafuu upande wa pili wa ukuta, baada ya siku chache muonjaji atakwambia. Rangi ya mafuta juu ya gunia la karatasi ingeiharibu loti nzima. Basi tukabandika karatasi nyeupe, gunia baada ya gunia, siku nne.

Sasa kisa chenyewe, maana wengi wanakijua juu juu.

Vita vya Sudan vilianza tarehe 15 Aprili 2023, jeshi la Jenerali Burhan upande mmoja na kikosi cha wanamgambo cha RSF cha Hemedti upande wa pili. Hao walikuwa kitu kimoja, Oktoba 2021 walishika serikali pamoja. Kenya ilijitokeza mapema kupatanisha kupitia IGAD, jumuiya ya nchi za Pembe ya Afrika, na tangu Juni 2023 jeshi la Sudan lilimkataa Rais Ruto kuwa mwenyekiti, likisema ana urafiki na Hemedti. Novemba ya mwaka uleule Burhan mwenyewe akaja Nairobi, tukadhani yametengemaa. Januari 2024 Hemedti naye akapokewa Nairobi, Sudan ikamwita balozi wake nyumbani, na kabla mwezi haujaisha ikasimamisha uanachama wake katika IGAD.

Kisha ukaja mwaka 2025. Tarehe 7 Januari Marekani ilitamka kwamba RSF wametenda mauaji ya kimbari. Tarehe 18 Februari RSF na washirika wao wakakusanyika KICC, lile jumba la mikutano la Nairobi, mchana, mbele ya kamera, kupanga serikali yao ya upande wa pili. Siku mbili baadaye balozi wa Sudan akaitwa tena. Mkataba wao ukatiwa saini Nairobi usiku wiki hiyohiyo. Machi, Sudan ikapiga marufuku bidhaa zote kutoka Kenya, zipite bandarini, mpakani au uwanja wa ndege. Simu iliyolia ofisini kwetu ilikuwa ya habari hiyo.

Serikali yetu ilieleza kwamba Kenya ilitoa ukumbi tu, kwa nia ya amani. Nimeyasoma maelezo yale zaidi ya mara moja, nikitaka kuyaamini, kwa sababu hii ni nchi yangu na sifurahi kusikia ikiitwa mshirika wa wauaji. Lakini fikirini hapa mtaani. Ndugu wawili wagombania nyumba ya baba yao Kibokoni. Mzee wa mtaa asema mimi ndiye nitakayewasuluhisha. Kisha amwita ndugu mmoja kwake, amfungulia sebule, ampa kiti, na yule atoka na karatasi inayosema nyumba ina mwenyewe mpya. Huyo ndugu wa pili, ukimwambia "mimi nilitoa sebule tu", atakurudia tena kuja kusuluhishwa?

Na Juni 2025 tuhuma zikawa nzito zaidi. Sasa ni habari ya masanduku ya risasi yenye maandishi ya Wizara ya Ulinzi ya Kenya, yaliyoonekana katika ghala la RSF karibu na Khartoum. Upande wetu umekana kuyatambua. Kukana ni haki. Lakini mteja aliyekwisha kukuvunjia imani harudishwi na neno "hapana" peke yake, anataka uchunguzi aone karatasi.

Nataka niwaonyeshe jambo jingine, na linatuhusu kuliko watu wanavyofikiri. Mnunuzi mkubwa kuliko wote wa chai ya Kenya ni Pakistan. Kibati cha KARACHI godauni kwetu ndicho kinachochakaa upesi. Na Pakistan imepita njia hii, ikiwa ndiyo mshtakiwa.

Mwaka 2004 Marekani iliitangaza Pakistan kuwa mshirika wake mkubwa nje ya NATO. Mei 2011 makomando wa Marekani wakamuua Osama bin Laden Abbottabad, mji wenye chuo cha kijeshi cha Pakistan, bila kuwaarifu wenyeji. Septemba, baada ya ubalozi wa Marekani mjini Kabul kushambuliwa, Admirali Mike Mullen, mkuu wa majeshi ya Marekani, akaiambia kamati ya Seneti kwamba mtandao wa Haqqani, wapiganaji wa Afghanistan walio pamoja na Taliban, ni kama mkono wa ISI, idara ya ujasusi ya Pakistan. Pakistan ikakana. Novemba 26 ndege za NATO zikawaua askari 24 wa Pakistan huko Salala mpakani, na Pakistan ikafunga njia. Trela zilizobeba mzigo wa NATO kutoka bandari ya Karachi kwenda Afghanistan zikasimama miezi saba. Mimi hapo ndipo huwa nawaona wale madereva, kwa sababu najua trela iliyozimwa inavyokaa.

Marekani ilizungusha mzigo wake kaskazini, kupitia Asia ya Kati, na waziri wake wa ulinzi, Leon Panetta, alisema inawagharimu dola milioni 100 zaidi kila mwezi. Julai 2012 Hillary Clinton akasema samahani kwa wale askari waliouawa, njia zikafunguliwa. Lile la Haqqani halikuamuliwa na mtu. Likalala, na Januari 2018 Trump akaliamsha upya, akaishutumu Pakistan kuwa mwongo na msaada wa usalama ukasimamishwa.

Nilichojifunza hapo ni hiki: mlango hufunguliwa siku moja, lakini tuhuma isiyochunguzwa hubaki ndani ya nyumba. Na tofauti yetu na Marekani ni kwamba wao wana pesa za kuzungusha mzigo. Sisi hatuna kaskazini ya kuzungukia.

Swali langu kwa serikali ni moja. Kabla ya mlango wa KICC kufunguliwa tarehe 18 Februari, ni nani aliyeketi na watu wa chai, wa bandari, wa wakulima kule Kericho na Nandi, akawauliza mtapoteza nini? Kama aliuliza, atwambie alijibiwa vipi. Kama hakuuliza, aseme.

Dereva wa Malaba

Karani, umenigusa pale kwa trela. Mimi ni mtu wa barabara, Mombasa mpaka Congo. Juni 2022 nilikuwa Uganda na mzigo wa Goma, nimebakisha kuvuka Bunagana. Tarehe 13 waasi wa M23 wakaichukua Bunagana. Tulikaa foleni tukilala chini ya trela, wengine wakageuza, mimi nikaambiwa na tajiri ningoje. Wakimbizi walikuwa wanatupita na magodoro kichwani, na mama mmoja aliniomba maji ya rejeta, akidhani ni maji ya kunywa. Nilimpa ya chupa yangu. Sijamsahau mpaka leo.

Congo ilikuwa imeingia Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka uleule. Rwanda imo. Uganda imo. Sisi tumo. Congo yasema Rwanda iko nyuma ya M23, na wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika hivyo. Rwanda yakana, yasema Congo inawafuga FDLR, waasi wa Kihutu wanaoipinga Rwanda. Novemba 2022 jeshi letu likaingia Goma, tukapokewa vizuri. Mwaka mmoja tu, Desemba 2023, Congo ikasema tokeni, hamkuja kupigana na M23. Na Desemba ileile Corneille Nangaa akautangaza muungano wake na M23 akiwa wapi? Nairobi! Congo ikamwita balozi wake kutoka kwetu. Kwa hivyo hili la KICC si la kwanza, na hilo ndilo linalonichoma. Tulishaonywa.

Mwalimu wa Kisauni

Ndugu Karani, nimekusoma kwa makini na machungu yako nayaheshimu. Lakini kuna historia umeiruka.

Sudan hiyohiyo, Kenya ndiyo iliyoipatanisha. Waasi wa SPLM wa John Garang, wa kusini mwa Sudan, walikuwa Nairobi miaka mingi, wana ofisi, wana nyumba, watoto wao wanasoma shule zetu. Khartoum ilikuwa ikinung'unika vilevile. Jenerali Lazaro Sumbeiywo akawashika pole pole. Itifaki ya Machakos ikapatikana Julai 2002, na tarehe 9 Januari 2005 amani ikatiwa saini Nairobi, ikamaliza vita vya zaidi ya miaka 20. Kama wakati ule tungesema "huyu ana bunduki, asikanyage hapa", ile amani ingetoka wapi? Anayetaka kuzima vita hana budi kuongea na wanaopigana. Wasiopigana hawana cha kuzima.

Jingine: hao wanaotushtaki si malaika. Januari 2025 Marekani ilimwekea vikwazo Hemedti, na siku chache baadaye ikamwekea Burhan pia. Mabomu ya ndege yanayoanguka sokoni Darfur si ya RSF. Tusiwe watu wa kuinamisha kichwa kila tunaposhutumiwa.

Karani wa Shimanzi

Mwalimu, ahsante. Hoja yako ndiyo iliyonizuia kuandika uzi huu tangu Machi, kwa hivyo niijibu sawasawa.

Sumbeiywo nampa heshima yake yote. Lakini itazame Machakos na itazame Naivasha baadaye. Ali Osman Taha, makamu wa rais wa Sudan, alikuwa chumba kimoja na Garang, miezi na miezi. Waligombana, wakasusa, wakarudi. Mwenyeji alikuwa na viti viwili. KICC mwaka 2025 kulikuwa na kiti cha nani mwingine? Aliyekuja alikuja kutangaza serikali yake, na adui yake hakuwemo wala hakutakiwa awemo. Kuzungumza na RSF mimi sipingi hata kidogo. Wangeitwa wakabanwa juu ya raia wa Darfur, ningeshangilia. Nilichokipinga ni kuwapa jukwaa.

Kuhusu Burhan, umesema kweli tupu, na sikumsafisha popote. Mshtaki mwenye mikono michafu bado anaweza kusema neno la kweli juu yako. Inabidi ulijibu neno, usiishie kuutazama mkono wake.

Mwalimu wa Kisauni

Hapo kwa viti viwili umenipata. Lakini la kuongea nao bado nashikilia.

Mama Likoni

Mimi si mtu wa siasa lakini nimeyaishi haya, niruhusuni.

Juni 2017 nilikuwa Doha, nimeajiriwa nyumbani kwa watu. Tarehe 5, mwezi wa Ramadhani, twaamka asubuhi twasikia Saudia, Imarati, Bahrain na Misri zimekata uhusiano na Qatar, zasema Qatar inasaidia magaidi. Hawa walikuwa ndugu wa damu. Madamu wangu ni wa Qatar, mamake mzazi ni Msaudi, anaishi Dammam, mwendo wa saa chache kwa gari. Mpaka ukafungwa. Raia wa Qatar waliokuwa Saudia, Imarati na Bahrain wakapewa siku 14 watoke. Mchana ule tulikwenda dukani tukakuta rafu ya maziwa ni tupu kabisa, kwa sababu maziwa yalikuwa ya Saudia. Baadaye wakaleta ng'ombe kwa ndege kutoka Ulaya. Nilidhani watu wanatania mpaka nikawaona kwenye televisheni.

Madamu alikuwa akiongea na mamake kwa simu ya video, na mamake akimwambia shusha sauti, majirani wasisikie. Yule bibi aliugua mwaka wa pili. Madamu hakumuona mpaka alipozikwa.

Wakadaiwa masharti 13, mojawapo wafunge Al Jazeera. Januari 2021 wakakutana Al-Ula, Saudia, wakakumbatiana, na Al Jazeera iko hewani mpaka leo. Sasa ile tuhuma ilikuwa ya kweli au ya uongo? Hakuna aliyetueleza sisi tulioishi ndani yake. Ndiyo maana Karani aliposema mlango hufunguliwa na tuhuma hubaki, nimeona niandike.

Kijana wa Tudor

Swali la mjinga: si muiuze chai hiyo kwa wengine? Dunia nzima inakunywa chai.

Karani wa Shimanzi

Si la mjinga. Inauzwa, na ile yetu iliuzwa hatimaye. Ila mnada wa Mombasa ni kama mnada wowote. Huu wetu umekuwa hapa tangu 1969, ulipohamishwa kutoka Nairobi, na kila wiki chai ya nchi kama kumi huuzwa hapa kwa dola. Bei hupandishwa na mikono inayoshindana. Mkono mmoja ukishuka, aliyebaki hana wa kumsukuma. Sudan ilikuwa kati ya wanunuzi wetu kumi wakubwa. Mkulima wa Nandi mwenye ekari moja hajui KICC kulikuwa na nani, atakachokiona ni bonasi ya mwisho wa mwaka.

Halafu kila soko lina ulimi wake. Chai ya Sudan ni nyeusi, nzito, ya kustahimili sukari nyingi. Kuna loti zinazochaguliwa kwa ulimi ule. Mwengine atainunua, ndiyo, lakini kwa bei ya mtu anayekufanyia hisani. Na chai hailali kama simiti. Kadiri inavyokaa ndivyo rangi inavyofifia kikombeni.

Na kwa Dereva, nikuonyeshe kitu. Godauni letu lina chai ya Rwanda na chai ya Congo. Zimekaa safu mbili zinazotazamana, katikati ni njia ya toroli. Goma ilipoanguka mikononi mwa M23 Januari 2025, mimi nilikuwa napita katikati yao na daftari langu.

Mkaazi wa Majengo

Nami nina la kusema, na lina upande wa pili.

Sisi watu wa Majengo twajua kutuhumiwa kusaidia magaidi ni nini, twaujua uchungu wake kuliko balozi yeyote. Februari 2014 polisi waliingia Masjid Musa, vijana wakabebwa kwenye malori, wengine wadogo kabisa. Kwa miaka, ukitaja Majengo kwenye usaili wa kazi wakutazama vingine. Mei mwaka huohuo Uingereza, rafiki yetu, ikawaonya watu wake wasije Mombasa, watalii wakatolewa hotelini wakapandishwa ndege. Serikali ya Nairobi ikalalamika kweli kweli kwamba huo si urafiki. Kakangu alikuwa mpishi hoteli moja ya pwani ya kusini. Alifutwa kazi kwa barua ya mistari mitatu.

Kwa hivyo mimi nasema tuhuma isipite bila ushahidi, iwe ni kwa kijana wa Majengo au kwa nchi. Hilo la masanduku ya risasi, sanduku laweza kuibwa, laweza kuuzwa mara tatu, laweza kuandikwa na yeyote mwenye brashi. Tungoje.

Lakini tungoje nani? Sudan ilikwenda Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuishtaki Imarati, yasema ndiyo inayowapa RSF silaha. Imarati yakana. Tarehe 5 Mei mahakama ikaitupa kesi kwa sababu haina mamlaka ya kuisikiliza. Haikusema Imarati ina hatia, haikusema haina. Kesho yake Sudan ikakata uhusiano nayo. Na sisi tulikuwa tumetia saini mkataba mkubwa wa biashara na Imarati Januari 2025, mwezi mmoja kabla ya KICC. Sisemi jambo hili limezaa lile, sina ushahidi, na nimeshasema tuhuma bila ushahidi siitaki. Nasema tu kwamba ukiwa na rafiki mkubwa anayeshutumiwa hivyo, inakupasa uchunge mara mbili nani anaingia nyumbani kwako. Serikali iunde tume, iyafungue yale masanduku, itwambie namba zake zinatoka wapi. Kama tumesingiziwa, dunia ijue. Sisi wa Majengo hatukupewa nafasi hiyo kamwe.

Dereva wa Malaba

Mkaazi, hapo umesema. Na pole kwa kakako.

Binti Omar

Nimewasoma wote na nina hasira kidogo, mnisamehe. Watu zaidi ya milioni 12 wamehamishwa makwao Sudan. Njaa ilitangazwa kambi ya wakimbizi ya Zamzam, Darfur. Wanawake wanafanyiwa mambo siwezi kuyaandika hapa. Na uzi mzima twahesabu magunia? Karani, kama marufuku haingekuja, ungeandika neno lolote? Kama RSF wangekaa KICC na chai ikaendelea kupakiwa, ungekuwa hapa leo?

Karani wa Shimanzi

Dada, nimekaa na swali lako tangu jana. Nilianza kukujibu mara mbili nikafuta.

Pengine nisingeandika. Nasema hivyo kwa sababu mwaka mzima wa 2024 mzigo ulipakiwa na sikuandika. Nilijua kuna vita. Nilijua kwa sababu mzee wa Omdurman hakuja tena.

Sikuwa nimepanga kuyasema haya ya mzee, lakini nitakueleza. Duka lake Omdurman liliporwa mwaka 2023. Yeye na wakeze na wajukuu wakatoka kwa basi mpaka Port Sudan, akaanza tena pale, akiagiza kidogo kidogo kupitia kwa wakala. Port Sudan alidhani ni salama, maana serikali ya jeshi yenyewe ilihamia huko. Chapa ya Machi ilikuwa ya mzigo wake mkubwa wa kwanza tangu vita. Baada ya marufuku akanitumia ujumbe wa sauti. Kiswahili chake ni cha kuokota hapa Mombasa, ana maneno machache, ndiyo maana kila neno lake huwa zito. Alisema: "Mwanangu, miaka kumi nimekaa benchi lenu. Nimekula kwenu. Hawa waliochoma duka langu, nyinyi mmewapa kiti. Mimi nina kosa gani?"

Sikumjibu kwa siku mbili. Nilikuwa nitafute maneno ya serikali nimtumie, ile ya ukumbi tu na nia ya amani. Niliyaandika kwenye simu. Nikayasoma kwa sauti nikiwa peke yangu ofisini, na yakanishinda kuyatuma kwa mtu ambaye ameniuliza habari za wanangu kwa majina. Nikamtumia pole tu.

Mei 4 droni zilianza kupiga Port Sudan, maghala ya mafuta yakawaka siku kadhaa. Nilimpigia. Mara ya nne akashika. Wako hai. Pembeni nilisikia watu wakikohoa, alisema ni moshi. Halafu, dada, akaniuliza ile chai ilikwenda kwa nani. Nikamwambia. Akataka kujua kama mnunuzi mpya ni mtu anayejua kuihifadhi.

Kwa hivyo umesema kweli, niliandika baada ya magunia. Magunia ndiyo mlango wangu mimi wa kuiona Sudan, sina mwengine. Lakini lile swali langu la kwanza naliongeza: kabla ya kufungua KICC, ni nani aliyemuuliza mtu kama huyu?

Binti Omar

Karani, nimelia. Mwambie tunamuombea. Na msamaha wangu upokee.

Kijana wa Tudor

Kile kibati cha PORT SUDAN mlikitupa?

Karani wa Shimanzi

Msimamizi alisema kitupwe, kinachanganya vijana wapya. Nilikiosha wino kwa mafuta ya taa, nikakifuta kwa grisi kisishike kutu. Kiko kwenye msumari nyuma ya mlango wa ofisi, kati ya cha KARACHI na cha ALEXANDRIA.